Biblia na Masuala ya Leo (Sehemu ya Pili): Ukeketaji Mkoani Mara

Neno "ukeketaji" halimo katika Biblia, kama yasivyokuwamo majina ya mambo mengi yanayowasumbua Wakristo wa leo. Jambo kutotajwa si kuruhusiwa. Msomaji hupaswa kujiuliza: andiko lililo karibu linasema nini, lilielekezwa kwa nani, na fundisho zima la Biblia linadai nini?

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–2016 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Kwa Tanzania nzima walikuwa asilimia 10. Msimu mkubwa wa ukeketaji ni likizo ya Desemba. Tangu 1998 sheria inamhesabu kuwa mkosaji yeyote mwenye malezi ya msichana aliye chini ya miaka 18 anayemkeketa au kumpeleka akakeketwe.

Wako wanaojitetea kwa tohara ya Abrahamu. Lakini Mwanzo 17 inawaagiza wanaume peke yao, na tohara hiyo ilikuwa alama ya agano na uzao wa Abrahamu. Mitume walipokutana Yerusalemu, kama Matendo 15 inavyosimulia, hawakuwatwisha alama hiyo hata wanaume wa mataifa mengine walioamini. Kwa binti, agizo la Mwanzo 17 halina neno.

Lenye neno kwake ni Mwanzo 1:27, linalofundisha kuwa mwanamume na mwanamke wote wawili wameumbwa kwa mfano wa Mungu. Mwili wake umekamilika kabla ngariba hajafika.

Hubaki hofu na mahari. Familia huogopa laana ya wazee wa mila, ilhali Mithali 26:2 inafundisha kuwa laana isiyo na sababu haina pa kutua. Wengine huwaza ng'ombe wengi zaidi kwa binti aliyekeketwa. Amosi 2:6 inawakemea wanaomgeuza binadamu kuwa bei.

Hesabu 35 iliagiza miji sita ya makimbilio kwa ajili ya mtu aliyeua bila kukusudia. Siku hizi nyumba salama za Butiama na Mugumu, mkoani Mara, huwapokea wasichana wanaokimbia kisu. Ikiwa aliyemwaga damu alitengewa pa kukimbilia, asiye na kosa anastahili zaidi. Kanisa linalokemea ukeketaji mimbarani bila kuwa na mahali pa kumpokea binti huyo limefanya nusu ya kazi.