Jini ya Kibra: Chupa iliyolisha nyumba za Makina

Ukishuka matatu Makina, Kibra, usikimbilie mitumba ya Toi kwanza. Ingia vichochoroni. Katikati ya keja zetu za mabati utaona nyumba chache za aina nyingine: za chini, pana, kuta za udongo, baraza mbele, ua nyuma. Hizo ni nyumba za Wanubi. Nimezipita miaka mingi nikidhani ni uzee tu. Kumbe nyuma ya baraza hizo kuna stori ya jini, na si jini wa kupunga, ni jini ya chupa.

Wazee wa Wanubi walikuwa wanajeshi kutoka Sudan waliopigania Mwingereza katika KAR. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliwekwa kwenye msitu huu, na kwa Kinubi "kibra" ni msitu. Mwaka wa 1918 ukatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Lakini hati hawakupewa, na nyumba ya mawe hawakuruhusiwa kujenga. Miaka ya 1930 tume ya ardhi ikawaambia wazi: nyinyi ni wapangaji tu, tena wa hisani ya serikali.

Sasa utakula nini? Akina mama wakapata jibu uani. Nafaka na sukari zinachachishwa siku kadhaa, zinachemshwa kwenye chombo kilichofunikwa, mvuke unapozwa kwa maji baridi, unadondoka ukiwa kali kama moto. Ndiyo ile Nubian gin, dada mkubwa wa chang'aa. Ilikuwa haramu, lakini Nairobi nzima ilijua inakopatikana. Karau wakija wanamwaga, wakienda moto unawashwa tena. Pesa hizo zililisha watoto.

Tusidanganyane lakini. Pombe hiyo pia imetuzika. Novemba 2000, kumi kumi iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 mitaa ya Mukuru. Methanoli haina utani: inapofusha, kisha inaua, na kwa macho au harufu huwezi kuitofautisha na pombe ya kawaida. Sheria ya 1980 ilipiga chang'aa marufuku kabisa, ile ya 2010 ikairuhusu kwa leseni, lakini nani mtaani amewahi kuona leseni hiyo ukutani? Bado watu wanakunywa gizani, na gizani ndiko sumu inakochanganywa.

Kwa hivyo sitaki kumfanya mpishi wa jini shujaa, wala sitaki kumwita mhalifu na kufunga kesi. Ukimnyima mtu hati, ukamnyima mawe, ukamnyima pensheni ya maana, usishangae akiwasha moto uani.

Mwaka wa 2017 Wanubi hatimaye walipata hatimiliki ya jamii: ekari 288. Hebu piga hesabu na zile 4,197.

Nyumba zenyewe zinaisha. Udongo unabomoka, mabati yanaliwa na kutu, na jirani gorofa zinapanda. Hakuna kibao ukutani kinachosema hapa palitokea nini. Siku ukipita Makina na umkute nyanya amekaa barazani, toa earphone, mpe shikamoo, umuulize. Nyumba ikianguka tutapiga picha ya kifusi. Yeye akienda, hakuna picha.