Tini za Italia Katika Nchi za Ugenini

Mtini ni mti unaosafiri kwa mzigo mdogo sana. Mwitaliano anayehama kwao hukata tawi lenye urefu wa shibiri moja hivi wakati mti umelala bila majani, akalifunga kwa kitambaa kibichi na kulitia katika sanduku pamoja na nguo zake. Akifika aendako, hulichomeka ardhini likatoa mizizi. Tawi hilo si mtoto wa mti ulioachwa nyumbani, bali ni mti ule ule. Likiwa limekatwa katika mtini wa aina ya Dottato, litakuwa Dottato maisha yake yote, likipandwa Calabria au Brooklyn. Kinachobadilika ni jua, mvua na baridi, na hapo ndipo taabu huanza. Watu wengi wamepanda mtini wa ugenini, wakauona ukistawi kwa majani mapana ya kupendeza, wakangoja matunda mwaka baada ya mwaka wasipate hata moja la kula.

Italia si nchi ya asili ya kilimo cha tini. Mwaka 2006 wataalamu walitangaza habari za tini zilizokaushwa, zenye umri wa miaka 11,400 hivi, zilizoonekana katika magofu ya Gilgal kwenye Bonde la Yordani. Lakini Waitaliano wameutunza mtini kwa karne nyingi mno, na watu wa kusini wana majina ya aina za tini kama vile watu wa Pwani yetu walivyo na majina ya aina za embe. Waandishi wa Kirumi wanasimulia kwamba Cato, mzee wa baraza la Roma, alilionyesha baraza hilo tini mbichi na kusema kuwa ilichumwa Carthage siku tatu tu zilizopita, ili wenzake waone jinsi adui alivyokuwa karibu. Carthage iliangamizwa mwaka 146 kabla ya Kristo. Ni mara chache tunda limetumika kwa jambo baya kiasi hicho.

Ili mtu afahamu kwa nini mtini mmoja huzaa na mwingine hukataa, ni lazima kwanza ajue kwamba maua ya mti huu hayaonekani nje. Yamo ndani ya kile kiitwacho tunda, nayo hufikiwa kwa kitundu kidogo kilichoko nchani. Mdudu mmoja tu ndiye apitaye humo, nyigu mdogo kuliko chembe ya mtama. Yeye huzaliwa katika mtini dume, ambao Waitaliano huuita caprifico, jina lenye maana ya mtini wa mbuzi. Akitoka humo mwili wake umejaa chavua, yaani unga wa maua. Huingia katika tini ya mti wa kike akiponyoka mabawa yake mlangoni, huyapaka maua unga ule, akafa humo humo ndani.

Basi, mitini ya kike haifanani. Iko inayozaa bila kumhitaji nyigu huyo kamwe, na Dottato ni mmojawapo. Iko ambayo bila nyigu haiwezi kuivisha kitu, kama ile ya Smyrna, mji wa Uturuki ambao siku hizi huitwa Izmir. Tena iko ya tabia ya katikati, ambayo tini zake za kwanza huiva zenyewe lakini zile za pili humtaka nyigu. Tini za kwanza Waitaliano huziita fioroni. Hutoka juu ya matawi ya mwaka uliopita na kuiva mnamo Juni au Julai, na watu wa Puglia huzithamini sana. Za pili, ziitwazo forniti, hutoka juu ya matawi mapya na kuiva Agosti na Septemba. Hizi ndizo zinazokaushwa.

Wakulima wa California walijifunza tofauti hiyo kwa hasara kubwa. Katika miaka ya 1880 waliletewa vijiti kwa maelfu kutoka Smyrna. Miti ilikua vizuri, ikatoa vitini vidogo, kisha vyote vikanyauka na kuanguka. Wengine walidhani Waturuki wamewadanganya kwa kuwauzia miti mibaya kusudi, wakaing'oa. Mkulima mmoja wa Fresno, George Roeding, hakukata tamaa. Alijaribu kuutia unga wa maua ndani ya tini kwa mkono, akaona tini hizo zinaiva. Ndipo ilipodhihirika kwamba kilichokosekana ni yule mdudu tu. Mwaka 1899 mtaalamu wa serikali ya Marekani, Walter Swingle, aliwapeleka nyigu kutoka Algeria, nao wakakaa na kuzaana. Wakati huo huo Dottato ya Kiitaliano, ambayo Wamarekani huiita Kadota, ilikuwa ikizaa California bila kumngoja mdudu yeyote. Wale waliong'oa miti yao mapema ni wa kuhurumiwa, maana mti haukuwa na kosa.

Hata ndani ya Italia yenyewe, Dottato haitendewi namna moja. Katika wilaya ya Cosenza, huko Calabria, jua la kiangazi ni kali na mvua ni haba, hivyo tini hukaushwa juani, halafu hujazwa jozi au lozi na maganda ya machungwa, zikapangwa kwa umbo la msalaba na kuokwa. Huko Carmignano, karibu na Florence, ni kaskazini zaidi, na umande wa vuli huja mapema. Tini hupasuliwa, hutandazwa juu ya chanja za matete, hufukizwa moshi wa salfa, huanikwa kwa siku chache tu, kisha huwekwa mahali pakavu penye ubaridi kwa zaidi ya mwezi mmoja mpaka sukari itoke nje kama unga mweupe. Mti ni mmoja, lakini mtu wa Carmignano akiiga kazi ya mtu wa Cosenza atapata ukungu.

Baridi ndiyo iliyowapa Waitaliano wahamaji kazi nzito kuliko zote. Mtini uliolala huvumilia jalidi kidogo, lakini baridi ikifika digrii 10 hivi chini ya sifuri, matawi huanza kufa. Mizizi huweza kupona na kuchipua tena, ila mkulima atakuwa amepoteza fioroni zote, kwa kuwa hizo hukaa juu ya matawi ya zamani. Waitaliano waliohamia New York, New Jersey na Philadelphia hawakukubali hasara hiyo. Kila mwisho wa vuli waliukata mtini mizizi ya upande mmoja, wakauinamisha polepole mpaka ukalala ndani ya handaki, wakaufunika kwa mbao, majani na udongo. Aliyeshindwa kuuzika aliuvika magunia, mazulia machakavu na karatasi za lami, akaufunika ndoo kichwani ili maji yasiingie. Wakati wa masika mti ulifufuliwa. Jirani asiyejua habari hizi angeweza kudhani kuna maiti uani.

Uingereza haina baridi kali kama hiyo, lakini haina jua la kutosha. Katika bustani ya Lambeth, London, iko mitini ambayo inasimuliwa kuwa asili yake ililetwa kutoka Italia na Kardinali Pole katika miaka ya 1550. Huko mtini hupandwa ukiegemea ukuta unaotazama kusini, ili matofali yahifadhi joto la mchana, na mizizi huzungushiwa mawe isiende mbali, kwani mti unaoshiba sana huzaa majani tu. Forniti za Uingereza kwa kawaida hukutwa na baridi kabla ya kuiva. Kwa hiyo mtunza bustani huchuma zile kubwa mbichi na kuzitupa wakati wa vuli, akaviacha vile vidogo vyenye ukubwa wa dengu vilivyo nchani mwa matawi. Hivyo ndivyo vitakavyoliwa mwaka ujao.

Mfano unaowafaa zaidi watu wa nchi zetu uko Brazil. Huko Valinhos, katika jimbo la São Paulo, mhamiaji Mwitaliano alipanda mtini mwanzoni mwa karne ya 20, na wilaya hiyo ikapata sifa kwa tini zake za rangi ya zambarau. Valinhos hakuna theluji, wala yule nyigu hayuko, na mvua hunyesha wakati wa joto, yaani wakati ule ule tini zinapoiva. Mambo hayo yote ni kinyume cha Calabria. Wakulima waliyashinda kwa kisu. Kila mwaka katika kiangazi cha baridi hukata matawi yote karibu na shina, hata mti ukabaki kama kisiki, kisha machipukizi mapya hutoka yakiwa na tini. Hufunika ardhi kwa nyasi kavu, kwa sababu minyoo midogo ya udongoni huila mizizi ya mtini. Majani hupata ugonjwa wa kutu wakati wa mvua, nao huzuiliwa kwa dawa ya mrututu, ambayo wakulima wa kahawa wa Kenya wanaifahamu. Tini zinazoiva huchumwa upesi, maana mvua ikizikuta hupasuka na kuchachuka.

Kenya ina jamaa nyingi za mtini. Mkuyu, ule ambao Zakayo aliupanda ili amwone Bwana, na mugumo wa Wakikuyu, zote ni za ukoo huo, nazo huwa na nyigu wao. Lakini nyigu wa mkuyu hamtumikii mtini wa Italia, kwa kuwa kila jamii ina mdudu wake. Kwa hiyo anayenunua mche wa mtini humu nchini aulize kwanza jina la aina yake, na kama huzaa bila dume. Muuzaji asiyeweza kujibu anauza majani. Zile aina ambazo kitundu chake hufungwa vizuri ni bora mahali penye mvua, kwani maji na wadudu waharibifu hupita hapo. Tini ya Dottato ikiiva hujiziba kwa tone zito mfano wa asali.

Mahali panapofaa ni penye jua kutwa nzima na udongo usiotuamisha maji. Kisu kipite mwanzo wa kiangazi kirefu, ili tini ziive kabla ya mvua kurudi, na mti umwagiliwe machipukizi yanapotoka. Ndege nao wasisahauliwe, kwa maana huamka mapema kuliko mwenye shamba.