Kanzidata Mbili, Mgonjwa Mmoja

Mkazi wa Mzumbe anayetibiwa shinikizo la juu la damu huweza kupimwa leo katika kituo cha afya kilicho karibu naye, na mwezi ujao akapewa rufaa kwenda hospitali mjini Morogoro. Pale ambapo kila kituo kina seva yake, taarifa za mtu huyo mmoja hukaa katika kanzidata mbili. Kuzilandanisha, yaani kuhakikisha kwamba inachosema moja ndicho inachosema nyingine, hudhaniwa kuwa kazi ya fundi wa kompyuta peke yake. Sehemu yake iliyo ngumu zaidi, hata hivyo, ni ya kitabibu.

Chukulia mfano huu. Saa nne asubuhi daktari wa mjini anagundua kwamba mgonjwa ana mzio wa penisilini, naye anauandika. Mtandao umekatika tangu alfajiri kwa mvua za masika. Saa kumi jioni karani wa kituo cha kijijini, asiyejua habari za mzio, anasahihisha namba ya simu ya mgonjwa yuleyule. Usiku mtandao unarejea. Programu nyingi hufuata kanuni kwamba aliyeandika mwisho ndiye anayeshinda. Ikiwa rekodi nzima hubadilishwa kwa mkupuo, namba mpya ya simu itaufuta mzio, wala hakuna atakayeonywa. Mgonjwa akirudi na kikohozi, ataandikiwa amoksilini, ambayo ni ya jamii ileile ya penisilini.

Tatizo hili lilikuwapo kabla ya kompyuta. Katika kliniki za tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU, mgonjwa hukaa na kadi ya CTC1, na kliniki huhifadhi ya CTC2. Hizo ni nakala mbili za habari moja. Hulingana kwa sababu mhudumu huzijaza zote mbili mgonjwa akiwa mbele yake. Mgonjwa akisahau kadi nyumbani, ulinganifu umevunjika. Seva mbili zenye mtandao usiokatika zingeweza kufanya vivyo hivyo, kila andiko likisubiri kukubaliwa pande zote mbili. Mtandao ukikatika, lazima kuchagua. Eric Brewer alilieleza jambo hili mwaka 2000, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha kihisabati: mawasiliano yakikatika, mfumo hauwezi kuendelea kupokea maandishi pande zote na papo hapo kuhakikisha kwamba pande zote zinasema neno moja. Kwa kuwa hakuna kituo kiwezacho kumwambia mama mwenye uchungu asubiri mtandao, huduma za afya huchagua kuendelea kuandika, na kusuluhisha tofauti baadaye.

Usuluhishi huo ndio unaohitaji busara. Jambo la kwanza ni kulinganisha kipengele kwa kipengele badala ya rekodi nzima. Katika mfano uliotangulia, simu na mzio visingegongana kamwe. La pili ni kuongeza pasipo kufuta, kama mhudumu mwangalifu anavyopiga mstari mmoja juu ya kosa katika rejista na kutia saini, maandishi ya awali yakibaki yakisomeka. Pale ambapo pande mbili zimeandika vipimo viwili tofauti vya dozi ya dawa ileile, mashine isiamue. Yote mawili yabaki, yawekewe alama, na mtabibu aulizwe. Kwa mzio, upande wa usalama ni kuuacha hadi mtu mwenye dhamana auondoe.

Kuna mtego wa saa, ambao wageni hawautambui upesi. Rejista ikisema «saa nne asubuhi», karani mpya akaingiza 04:00 badala ya 10:00, tukio limerudishwa nyuma kwa saa sita, na kanuni ya aliyeandika mwisho huamua vibaya kabisa. Betri ndogo iliyomo ndani ya kompyuta ikifa nayo, umeme ukikatika saa yake huweza kurudi nyuma miaka mingi. Ndiyo maana mifumo makini huipa kila rekodi namba ya toleo, isiyotegemea saa ya ukutani.

Utambulisho ni suala jingine. Jina pekee halitoshi katika eneo ambalo majina hufanana na mtu mmoja huandikwa Saidi hapa na Said kule. Namba ya CTC yenye tarakimu 14 ilitatua hilo kwa njia rahisi: hutangulia tarakimu za mkoa, wilaya na kituo, kisha za mgonjwa, hivyo vituo viwili haviwezi kutoa namba moja hata visipowasiliana. Mgonjwa anayeificha namba yake na kujiandikisha upya kituo kingine, mara nyingi kwa kuogopa kutambuliwa, huzaa watu wawili katika kanzidata, na mmoja wao huhesabiwa kuwa ameacha dawa. Hofu hiyo haistahili kubezwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mgonjwa ana haki ya kuuliza nani anazisoma katika seva zote mbili.

Mtandao unapokuwa umekatika, mhudumu anayempa mgonjwa rufaa amwandikie mzio na dawa zake kwenye karatasi aende nayo, na anayempokea amuulize upya kabla ya kuamini skrini.