Nafasi Iliyo Kati ya Nyaya

Wanafunzi wa uhandisi wa umeme wakifika kwenye nadharia ya uga wa sumakuumeme, mwaka wa pili au wa tatu, wengi huanza kuhofia sapu kabla ratiba ya mtihani haijabandikwa. Lawama huangukia hesabu: vekta, mifumo mitatu ya viwianishi, integrali zinazozunguka uso mzima wa tufe. Hesabu ni ngumu, sikatai. Ila liko tatizo jingine lililotangulia. Mwanafunzi huingia darasani na imani aliyoijenga tangu sekondari, kwamba umeme ni kitu kinachopita ndani ya waya, na saketi zote alizokwisha kuzikokotoa zimemhakikishia hivyo. Ni mara chache anaambiwa mapema kuwa imani hiyo ina mpaka, na kwamba kazi ya somo hili ni kumwonyesha mpaka huo ulipo.

Mpaka wenyewe unaonekana kwa macho maabara. Chukua kebo ya koaksi ya omu 50, ile yenye waya mmoja katikati na wavu wa shaba unaouzunguka, urefu mita 50. Ncha moja ifunge kwenye jenereta ya mapigo yenye ukinzani wa ndani wa omu 50, ya pili iache wazi, haijagusa kitu. Seti jenereta itoe pigo la volti 10 la nanosekunde 100, na skopu itazame mwanzo wa kebo. Kwa nadharia ya saketi jibu ni jepesi: njia iko wazi, mkondo haupiti. Skopu inakataa. Volti 5 zinaingia kwenye kebo pamoja na mkondo wa ampea 0.1, utadhani pale mlangoni pamefungwa rezista ya omu 50. Baada ya nanosekunde 500 pigo linarudi, limesimama vilevile lilivyokwenda. Sasa unganisha waya wa katikati na wavu kwenye ncha ya mbali: pigo linarudi limepinduka. Ondoa kiungo hicho, weka rezista ya omu 50, na hakirudi kitu.

Zile nanosekunde 500 ndizo somo lenyewe. Katika muda huo jenereta haina njia ya kujua kama ncha ya mbali iko wazi, imefungwa au ina mzigo, kwa sababu wimbi linasafiri kwa takriban theluthi mbili za kasi ya mwanga na lina mita 50 za kwenda na 50 za kurudi. Kwa hiyo inatoa mkondo uleule katika hali zote tatu. Na omu 50 za kebo huwezi kuzipata kwa kuipima shaba na mita ya ukinzani. Zinatokana na unene wa waya wa katikati, upana wa wavu na plastiki iliyojazwa kati yao. Ni sifa ya nafasi.

John Henry Poynting alilieleza jambo hili kihesabu mwaka 1884. Pale penye uga wa umeme na uga wa sumaku kwa pamoja, nishati inatiririka, na mwelekeo wake hupatikana kwa kuzidisha vekta hizo mbili. Fanya hesabu hiyo kwa taa na nyaya zake na utakuta nishati inapita nje ya shaba, kwenye hewa na plastiki, ikiingia kwenye taa kutoka pande zote. Waya unaielekeza tu, na kidogo kinachozama ndani yake ndicho kinachoupasha moto. Elektroni zenyewe ni za polepole mno kusifiwa kwa kazi hiyo: kwenye waya wa shaba wa milimita mraba 1 unaobeba ampea 1, zinasogea takriban milimita 0.07 kwa sekunde. Mita moja ingezichukua karibu saa nne.

Kwa nini basi saketi za mwaka wa kwanza zilitoa majibu sahihi? Jibu limo kwenye urefu wa wimbi. Umeme wa hezi 50 una wimbi la kilomita 6,000, hivyo nyumba nzima ni nukta tu na uga unaweza kusahauliwa bila hasara. Wimbi la Wi-Fi ya gigahezi 2.4 lina sentimita 12.5 hewani, na mistari ya shaba kwenye bodi ndogo ya kielektroniki tayari ni njia ya mawimbi. Wahandisi wa njia kuu za umeme nao hawajasalimika. Chukua njia ya hezi 50 yenye urefu wa kilomita 1,000, isiyo na upotevu na isiyo na mzigo: ni sehemu moja ya sita ya wimbi, na hesabu inatoa volti mwishoni mara mbili ya za mwanzoni. Ndiyo maana njia ndefu hufungiwa riakta za kuzuia volti zisipande. Njia ya Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya, ya zaidi ya kilomita 1,000 na kilovolti 500, imejengwa kwa mkondo mnyoofu. Sababu ziko kadhaa, na hii ni mojawapo.

Milinganyo minne inayokaririwa kwa jina la Maxwell, kwa sura yake ya sasa, ni kazi ya Oliver Heaviside. Maxwell mwaka 1865 aliandika milinganyo 20. Heaviside, mtu wa telegrafu aliyeacha shule akiwa na miaka 16, aliikusanya ikawa minne katika miaka ya 1880, na milinganyo ya njia za mawimbi ni yake pia. Alianzia kwenye kebo, si kwenye chaji iliyosimama peke yake katika ombwe.

Vitabu vingi vinafuata njia ile nyingine. Cha Hayt, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1958, kinaanza na vekta kisha sheria ya Coulomb, na cha Sadiku, mzaliwa wa Nigeria, kinafuata mkondo huohuo. Ulaby ameziweka njia za mawimbi sura ya pili, nami naona yeye ndiye aliyepatia. Kwa mpangilio wa zamani, muhula huishia kwenye chaji na tufe, kebo zinafundishwa mbiombio wiki za mwisho, na mtihani unauliza kile kilichofundishwa kwa raha. Pasti pepa zinajaa tufe.

Mimi ningeuliza hivi. Kebo iliyofukiwa ardhini imeharibika, na wimbi ndani yake linakwenda mita 160 kwa maikrosekunde. Fundi ametuma pigo, limerudi baada ya maikrosekunde 3 likiwa limepinduka. Achimbe wapi, na atarajie kukuta nini? Mita 240 kutoka aliposimama, na nyaya zimegusana.