Yai la kienyeji nalo huleta maradhi

MAMA mmoja aliniletea mtoto wa miaka mitatu kliniki akiwa amelegea, macho yameingia ndani, anaharisha tangu usiku. Nilipouliza mtoto alikula nini, alisema alimpa yai bichi lililokorogwa kwa maziwa ili apate nguvu. Nikamwambia huenda yai hilo ndilo lililomponza. Alikataa katakata. "Daktari, hilo ni la kuku wangu wa kienyeji. Si la duka!"

Ni kweli kuku anayezunguka uani akila majani na panzi huishi vizuri kuliko aliyefungiwa, na wateja hulipa zaidi kwa mayai yake. Hata hivyo, viini vya salmonela huweza kuishi tumboni mwa kuku yeyote, naye aghalabu haonyeshi dalili ya ugonjwa. Hupenya ndani ya yai kabla ya ganda kufanyika, au baadaye kupitia vitundu vya ganda, ambavyo ni maelfu, yai linapolala juu ya kinyesi. Kuku wa kutembea ana hatari yake hapa: hutaga vichakani, na yai huokotwa baada ya siku nyingi.

Kwa hivyo, wewe unayeuza mayai, watengenezee kuku viota vyenye nyasi kavu na ubadilishe nyasi hizo mara kwa mara. Okota mayai asubuhi na jioni. Yenye uchafu kidogo yapanguse kwa kitambaa kikavu. Wengi huyaosha kwa maji baridi ili yang'ae sokoni, lakini hilo ni kosa, kwani maji hayo huondoa utando unaolinda ganda na kuvuta viini ndani. Yaliyopasuka usiuze. Kisha nawa mikono kwa sabuni, na usiruhusu kuku kulala jikoni, hasa kama kuna mtoto anayetambaa.

Jambo linalonikera zaidi ni dawa. Kuku wakianza kusinzia, wenye kuku hukimbilia vidonge vya tetrasaiklini vya binadamu na kuvifungua katika maji ya kunywa. Iwapo ugonjwa ni kideri, dawa hiyo haifanyi lolote, maana kideri huletwa na virusi, na kinga yake ni chanjo. Lakini mabaki ya dawa huingia katika mayai, na kuyapika hakuyamalizi yote. Viini navyo huzoea dawa, na siku tunapoihitaji kumtibu mtu, inashindwa. Mwulize daktari wa mifugo, na usome karatasi ya dawa: zipo ambazo kuku wa mayai hapaswi kupewa kabisa, na nyingine zina siku za kusubiri. Mayai ya siku hizo hayauzwi wala hayaliwi nyumbani. Najua ni hasara.

Mnunuzi naye apike yai mpaka ute na kiini vigande. Anayeharisha apewe maji yenye chumvi maalumu ya kuzuia kukauka mwili. Kukiwa na damu, homa kali, au mtoto akishindwa kunywa, kimbilia hospitali.

Mtoto yule alipona baada ya siku tano. Mamake aliniuliza kuhusu trei mbili alizokwisha kupeleka kwenye kibanda cha chai. Nilimwomba arudi kule siku hiyohiyo amwambie mwenye kibanda asimpe mteja yeyote yai lisiloiva.