Lambo lina mwenyewe

Waulize watoto wa Igalula mwenyewe wa lambo anakaa wapi, na wote watakunyooshea kidole sehemu moja: upande wa tuta, mbele kidogo ya pale ng'ombe wanapoingia kunywa. Kuhusu sura yake wanabishana. Huyu anasema ni nyoka mwenye unene wa gogo la mninga, yule anasema ni mwanamke ambaye nywele zake hazikauki. Kuhusu makazi yake hawabishani kabisa. Saa sita mchana huko hakuogwi. Magharibi ukisikia jina lako likiitwa kutoka majini usiitike. Na ukiona baridi inakushika vifundo vya miguu, ujue umeshashikwa.

Habari za mizimu katika nchi hii ya Unyamwezi si ngeni kwa msomaji, wala si kazi yangu kuzibeza. Kilichonikaa kichwani ni hicho kidole. Mizimu mingi niliyowahi kusimuliwa huhamahama; kila msimuliaji ana mti wake na njia panda yake. Huyu hahami. Tena lambo lenyewe si la kale. Lilichimbwa kwa katapila, na wapo watu wazima tele waliosimama pembeni wakitazama likichimbwa. Sasa mwenyewe amekuja lini, na nani alimwonyesha pa kukaa?

Nililipeleka swali hilo kwa mzee mmoja mvuvi. Aliomba nisiandike jina lake, nami naheshimu ombi hilo, kwa sababu ana kazi mbili. Ya kwanza ni kutega kambale na perege. Ya pili ni kuitwa mtu anapozama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata samaki au umefuata maneno?"

Nilipomwambia nimefuata maneno ya mwenyewe wa lambo, hakucheka wala hakushtuka. Alisema maneno hayo hayaelezwi nchi kavu, akausukuma mtumbwi.

Igalula iko Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora, kando ya Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912. Kabla ya reli palikuwa na njia ya misafara. Wapagazi waliotoka Bagamoyo walimaliza Ugogo, wakaingia Mgunda Mkali, lile pori la kiu ambalo wengi hawakulivuka, na waliponusurika ndipo walipofika Tura, kisha Kigwa, kisha Tabora. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipita huku mwaka 1857. Majina hayo ya Tura na Kigwa yapo hadi leo. Kiu nayo ipo: mvua ni ya msimu mmoja, mito hukauka, na ng'ombe hawasubiri masika. Ndiyo maana lambo huku ni neema, na mtu anayelisema vibaya hutazamwa kama mtu asiyejua alikotoka. Hata mji wa Tabora uliishi miaka mingi kwa maji ya mabwawa ya Igombe na Kazima kabla bomba la Ziwa Victoria halijafika.

Turudi kwenye mtumbwi. Mzee huendesha kwa upondo, mti mrefu ulionyooka, alioufunga vitambaa kila baada ya mkono mmoja. Vitambaa vya chini vimeshakuwa rangi ya matope, vya juu bado vinaonyesha vilitokana na kanga. Aliniambia nitazame vitambaa, nisitazame maji, maana maji ya lambo ni ya rangi ya chai ya maziwa na hayana la kumwambia mtu. Tulipotoka ukingoni upondo ulizama kitambaa kimoja. Tukaenda, kitambaa kimoja na nusu. Tukaenda tena, kitambaa kimoja na nusu. Kwa mtoto wa darasa la nne hapo maji yapo kiunoni, chini ni pagumu, na kuna raha ya kuendelea. Mzee alisogeza mtumbwi urefu wake tu, akauchomeka upondo. Ukazama kitambaa cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano, mpaka kiganja chake kikagusa maji.

"Kwake ni hapa," alisema.

Nilitazama ukingoni. Tulikuwa palepale watoto waliponyooshea kidole.

Maelezo yake hayakuwa na uganga wowote. Tuta la lambo hujengwa kwa udongo, na udongo huo haununuliwi dukani. Katapila huuchota humohumo ndani ya lambo, tena karibu na tuta, kwa sababu kwenda mbali ni kuchoma dizeli. Tuta linapopanda, shimo linashuka. Mzee aliliona likichimbwa akiwa tayari ana watoto. Anakumbuka kingo zake zilikatwa wima kama ukuta wa nyumba. Kisha masika ikaja, maji yakafunika, mgeni rasmi akapigiwa makofi, na tangu siku hiyo shimo halijaonekana tena. Limebaki huko chini, na ukingo wake wa mfinyanzi unateleza. Anayeufikia kwa miguu haanguki kwa kishindo. Anakosa tu pa kukanyaga.

Jambo jingine analolijua mzee, na ambalo wazazi wengi hawalijui, ni kwamba anayezama hapigi kelele. Sinema zimetudanganya. Mdomo uko chini ya maji muda mwingi, ukitoka unatafuta pumzi, hauna nafasi ya neno. Mikono haipungi, inasukuma maji chini kutafuta pa kushika. Wenzake waliopo hatua kumi hudhani anacheza, na kufumba na kufumbua hayupo. Watu wakisema amevutwa, wanasema walichokiona.

Na ile baridi? Mzee aliuacha upondo shimoni kwa muda, tukazungumza mambo ya bei ya samaki, kisha akauchomoa na kunipa upande wa chini. "Shika." Juu ulikuwa na uvuguvugu wa mchana. Chini ulikuwa baridi, umeganda tope jeusi lenye harufu ya yai lililooza. Jua hupasha maji ya juu, na maji ya moto ni mepesi, hayashuki. Ya baridi hubaki chini, mazito na matulivu, hasa kwenye shimo ambako upepo hauyafikii. Mtu anayedumbukia ghafla, miguu yake inaingia kwenye maji hayo huku kifua bado kiko kwenye uvuguvugu. Atahisi kushikwa vifundoni. Asiyejua kuogelea hushtuka, na kushtuka ndani ya maji ni kumeza maji. Nilibaki nimeshika ule mti kwa muda. Watoto walikuwa wameniambia habari ya baridi neno kwa neno, na nilikuwa nimeiandika daftarini kama ngano.

Hata ile kauli kwamba mwenyewe humrudisha mtu siku ya tatu ina msingi. Mwili hushuka kwanza. Kisha vijidudu vya tumboni huendelea na kazi yao, hewa hujaa, mwili hupanda. Kwenye maji ya nchi za joto hiyo ni kazi ya siku mbili au tatu. Shimoni kwenye baridi huchukua zaidi, na visiki vya miti iliyoachwa wakati wa kusafisha eneo vikiudaka, hauji mpaka ufuatwe. Mzee ndiye anayeufuata. Kabla ya kuingia hutupa majini unga wa mtama kidogo na kusema maneno yake. Sikumwomba anitafsirie.

Hapo ndipo nilipomuuliza lililonileta. "Mzee, wewe unajua ni shimo. Umelipima kwa mkono wako. Kwa nini watoto wasiambiwe kwamba ni shimo?"

"Tuliwaambia ni shimo," alijibu. "Wakaenda kuliangalia."

Sina cha kuongeza kwenye jibu hilo. Uzio lambo hili halina, kibao halina, na mtoto aliyetumwa kunywesha ndama saa saba mchana hana mtu mzima wa kumwangalia. Kilichobaki ni maneno, na wazee walichagua maneno yanayofanya kazi. Waliochagua saa sita mchana walijua ndiyo saa watoto wanayoogelea. Waliokataza kuitika magharibi walijua gizani hakuna atakayekuona. Nayaheshimu maneno hayo kuliko vibao vingi nilivyowahi kuviona vimepigwa misumari na kusahauliwa.

Ila yana upungufu, na upungufu wake unaua. Wa kwanza mdogo: mwenyewe hasemi lolote kuhusu maji mafupi ya ukingoni yenye majani, pale panapodhaniwa salama, na konokono wa kichocho hukaa hapohapo. Wa pili mkubwa: inaaminika kwamba anayemnyang'anya mwenyewe mtu wake, naye atadaiwa wa kwake. Kwa hiyo mtu akizama wapo wanaosimama. Mzee anakiri ameshakuta watu wamejaa ukingoni mikono kifuani. Lakini akanikumbusha upande wa pili, kwamba lambo haliridhiki na mmoja. Kijana anajitosa kumwokoa nduguye, yule anayezama anamkumbatia shingoni kwa nguvu za mauti, wanakwenda wote. Ndiyo maana akifika kwenye tukio, jambo la kwanza ni kuwafukuza vijana majini. La pili ni kutafuta dumu tupu.

Wa tatu ndio ulionikera zaidi. Mtoto akishasemekana amechukuliwa, maswali yanakwisha, au yanamgeukia mama yake: alivunja mwiko gani, alimtuma mtoto saa ngapi. Aliyeacha shimo wima chini ya maji haulizwi. Nilimwambia mzee hivyo. Alitazama vitambaa vya upondo wake, hakunijibu, na sikuona haki ya kumbana. Je, anamwamini mwenyewe? Unga wa mtama anautupa. Shimo analijua. Labda kwake haya mawili hayagombani, na labda ni mimi tu ninayetaka yagombane.

Kule Jinja, Uganda, mambo yalikwenda kinyume. Maporomoko ya Bujagali yalikuwa na mzimu wake tangu zamani, na bwawa la umeme lilipopangwa kuyafunika, wajenzi walilazimika kushughulikia matambiko ya kuuhamisha. Watu walibishana miaka kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuufanyia tambiko hilo, na maporomoko yakazama mwaka 2011. Huko mzimu ulitangulia, maji yakafuata. Igalula maji yametangulia. Nilipomuuliza yule mzee mvuvi ni wapi alikotoka mwenyewe wao ikiwa lambo ni la juzi, alisema maji yakikaa hayakai peke yake. Alipomaliza kusema akaongeza, kwa sauti ileile, kwamba waliozama humo ni watoto anaowajua kwa majina.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, mwaka uleule Umoja wa Mataifa ulipoitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Mtoto wa lambo, anayeopolewa na mvuvi na kuzikwa jioni bila kupitishwa zahanati, amo kwenye hesabu hiyo? Sheria yetu ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazungumzia usalama wa mabwawa, na kwa mhandisi usalama wa bwawa maana yake kwanza ni tuta lisibomoke na utoro, njia ya kutolea maji ya ziada, usizibe. Ni sawa, tuta likibomoka kijiji kinakwenda. Lakini nani mwenye shimo? Mkandarasi amekwishaondoka na kulipwa. Kijiji kimekabidhiwa tuta, mbauti za kunyweshea na kitabu cha michango. Na malambo mapya yanachimbwa, barabara na reli ya kisasa ya kutoka Makutupora hadi Tabora nazo zinataka kifusi, na kila shimo la kifusi likikuta masika linakuwa lambo lisilo hata na hadithi ya kulilinda.

Kwa hiyo naomba mambo yanayowezekana. Anayechimba lambo azilaze kingo za shimo kabla katapila halijapakiwa kwenye lori, ziwe mteremko unaopandika. Awaachie wanakijiji mchoro wa mahali mashimo yalipo, na nguzo zisimikwe kabla maji hayajaingia. Kwa malambo yaliyopo, wavuvi wenye upondo waitwe na serikali za vijiji, wapime, walipwe, nguzo zisimikwe kiangazi maji yakipungua. Hakuna anayewazuia wazee kuendelea kumtaja mwenyewe. Nguzo itakuwa inamwonyesha vizuri zaidi.

Nawe msomaji unayeishi karibu na lambo, funga kamba ndefu kwenye dumu la lita ishirini lililo tupu na lenye kifuniko, liache ukingoni mahali kila mtu analijua. Ukiona mtu anazama, mtupie hilo kwanza. Usijitose.