Chujio la Tangi la Samaki: Kwa Nini Lishikizwe Imara

Katika Uwanda wa Juu wa Makonde, maji ni mali. Mvua hunyesha, lakini udongo wa kichanga huyameza maji yake upesi, na chemchemi hutokea mbali chini mabondeni. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka na kupanda miteremko hiyo wakiwa na vyombo vichwani. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Ufini walishirikiana na Serikali ya Tanzania kuandaa mpango mkuu wa maji wa mikoa ya Mtwara na Lindi. Basi mwalimu wa biolojia wa huko, tuseme Chidya, anayetaka kufuga perege wachache darasani, hana budi kujiuliza kwanza: je, ni haki kuwatumilia samaki maji mengi?

Tufanye hesabu. Tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30, likitiwa maji ya kina cha sentimita 30, huchukua lita 54, yaani madebe 3 ya lita 18. Pasipo chujio, maji hayo huchafuka upesi na hubadilishwa mara kwa mara. Chujio likifanya kazi vema na samaki wakiwa wachache, yatosha kubadilisha sehemu moja ya tano kila juma: lita 11 hivi.

Chujio rahisi ni kijisanduku cha plastiki chenye sifongo ndani yake. Pampu ndogo husukuma hewa kupitia mpira mwembamba. Viputo hupanda katika bomba la wima na kuyavuta maji yapite katika sifongo. Uchafu hunaswa humo, lakini kazi iliyo kubwa zaidi hufanywa na bakteria. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa. Sergei Winogradsky, mwanasayansi wa Urusi, aliwatenga bakteria hao mnamo mwaka 1890. Wao huhitaji oksijeni bila kukoma.

Sasa fikiri chujio limebanduka usiku na kuelea. Mdomo wa bomba hutokeza juu ya maji. Viputo hutoka bure, na maji hayapiti tena katika sifongo. Bakteria hukosa oksijeni na kuanza kufa, nayo amonia huongezeka. Alfajiri perege huonekana wakihema juu ya maji. Chanzo ni kushikiza vibaya tu.

Kanuni ya Archimedes yatuonyesha la kufanya. Kijisanduku cha sentimita za ujazo 300, hata kikijaa hewa tupu, husukumwa juu kwa kani isiyozidi niutoni 3. Jiwe gumu la gramu 540, lenye ujazo wa sentimita 200, lina uzito wa niutoni 5.4, likizamishwa hubakiwa na niutoni 3.4. Basi jiwe hilo moja, likifungwa chini ya chujio kwa uzi wa nailoni, latosha. Kwanza lidondoshee siki: likitoa povu lina chokaa, usilitumie. Wala usifungie waya wa shaba, kwa maana shaba huwadhuru samaki. Kabla ya kulitumia chujio, likamue sifongo ndani ya maji mpaka viputo viishe.

Machujio mengine huja na visahani vya mpira vya kubandika kiooni. Hushikwa na kanieneo ya hewa, ambayo katika mwinuko wa mita 800 ni kama niutoni 9 kwa kila sentimita ya mraba. Kisahani chenye kipenyo cha sentimita 3 chaweza kustahimili kani ya niutoni 60 hivi, almuradi ukingo wake haupitishi kitu. Ukoga kiooni, au mpira uliokauka kwa uzee, hupenyeza maji, na kisahani huachia. Kwa hiyo sugua kioo, lowesha kisahani, kisha kandamiza. Na jiwe lisiondolewe. Usiache mwanya mwembamba nyuma ya chujio, samaki wadogo wasije wakakwama humo.

Pampu iwekwe juu kuliko usawa wa maji. Ikiwa chini, umeme ukikatika maji yaweza kurudi mpirani na kumwagika sakafuni. Waya wa umeme nao uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke na yasifuate waya.

Wanafunzi na walipime jiwe lao kwa mizani ya springi, hewani na kisha majini, walinganishe na hesabu zetu. Sifongo lisafishwe kwa maji yaliyotolewa tangini, kwani klorini ya maji ya bomba huua bakteria. Kisha maji hayo yamwagiwe mchicha: nitreti ni mbolea, na hakuna tone litakalopotea.